Mungu Hakuijaza Meli

Watu wawili wasiopatana kwa lolote wanaweza kukosea kwa namna moja. Wa kwanza hamwamini Mungu, na hoja yake ni kwamba Muweza wa yote hawezi kuwapo, maana sifa hiyo inajipinga yenyewe. Wa pili ni muumini mkali, anayeshikilia kwamba Mungu akiwa Muweza wa yote, mja hana analoamua hata moja. Mmoja anamvua Mungu uwezo, mwingine anamvua mtu hiari, na chini ya madai yao kuna dhana moja ambayo hawaitaji: kwamba uwezo wa Mola na hiari ya mja vinagombania fungu moja, huyu akiongezewa yule amepunjwa. Naamini dhana hiyo ni batili, na imetugharimu kuliko tunavyokiri. Nitayapitia madai yanayozaliwa nayo, mengine upesi, mengine kwa kukaa nayo, kwa sababu hayana uzito sawa.

Naanza na jiwe, kwa kuwa ndilo linalotajwa sana. Je, Mungu anaweza kuumba jiwe zito asiloweza kulinyanyua? Ukijibu ndiyo, kuna jiwe limemshinda. Ukijibu hapana, kuna kazi imemshinda. Kijana anayelisikia swali hili kwa mara ya kwanza hudhani imani nzima imeporomoka jioni moja. Lakini litazame vizuri hilo jiwe. Ni jiwe lisilonyanyulika kwa yule ambaye hakuna kisichonyanyulika kwake. Maneno yamepangwa kama jina la kitu, ila hakuna kitu kinachotajwa, kama ambavyo hakuna kitu kinachotajwa mtu akisema pembetatu yenye pembe nne. Kazi isiyokuwapo haiwezi kumshinda mtu yeyote, sembuse Mungu.

Jibu hili ni la zamani mno, na limetoka pande zote mbili za imani zetu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa kwamba muhali hauingii chini ya uwezo, na kwamba muhali ni kulithibitisha jambo na kulikanusha papo hapo. Thoma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, aliona ni sahihi zaidi kusema jambo la namna hiyo halifanyiki kuliko kusema Mungu hawezi kulifanya. Na yeyote aliyekaa mkekani akasomeshwa sifa ishirini za Mungu kwa mapokeo ya Imamu Sanusi aliambiwa mapema kwamba kudura hufungamana na yaliyo jaizi, yaani yanayoweza kuwa au kutokuwa, wala haifungamani na yaliyo wajibu au muhali. Babu zetu wa mwambao walilijua jibu kabla swali halijafika kwao likiwa limevaa suti.

Yupo atakayekataa na kusema: hapana, Muweza wa yote lazima aweze hata muhali. Descartes alielekea huko mwaka 1630, alipomwandikia rafiki yake Mersenne kwamba hata kweli za hesabu Mungu aliziweka kama mfalme anavyoweka sheria katika ufalme wake. Haya, tukubali. Mwaka 1964 mwanafalsafa wa Marekani Harry Frankfurt alionyesha kinachofuata: kama Mungu anaweza muhali, basi ataliumba jiwe asiloweza kulinyanyua, kisha atalinyanyua. Muhali wa pili si mgumu kuliko wa kwanza. Njia yoyote utakayoishika, jiwe halikanushi kitu. Na kwa Mkristo anayeshtuka kusikia neno "hawezi" likitajwa pamoja na jina la Mungu, afungue Waraka kwa Tito na Waraka wa Pili kwa Timotheo: humo anaambiwa wazi kwamba Mungu hawezi kusema uongo wala kujikana mwenyewe. Kutoweza kudanganya si upungufu.

Dai la pili lina nguvu zaidi, na nalipa heshima yake. Linasema: kama Mungu ameshajua kesho nitafanya nini, siwezi kufanya kingine, na kama siwezi kufanya kingine, sina hiari. Kosa limejificha kwenye neno "lazima". Ni lazima kwamba anachokijua Mungu kitatokea, maana elimu yake haina kosa. Hilo halisemi kwamba kinachotokea kinatokea kwa kulazimishwa. Nikikuona umekaa, ni lazima uwe umekaa, vinginevyo sikukuona. Lakini macho yangu hayakukukalisha. Augustino wa Hippo alilieleza kwa kumbukumbu: unayoyakumbuka hukuyalazimisha yatokee kwa kuyakumbuka, na Mungu vivyo hivyo hayalazimishi yajayo kwa kuyajua. Wanazuoni wa ilmul-kalam, elimu ya itikadi ya Kiislamu, nao wana kanuni yao, kwamba elimu hufuata kinachojulikana. Ungeamua jingine, Mungu angelijua hilo jingine.

Mtu makini atarudi na kusema kwamba Mungu aliyajua haya tangu jana, na jana haibadiliki. Aliyelijibu hili kwa kina alikuwa mfungwa. Boethius, Mrumi aliyekuwa kiongozi mkubwa serikalini kisha akatuhumiwa uhaini chini ya mfalme Theodoriki, aliandika kitabu chake cha faraja gerezani, mnamo mwaka 524, akingoja kuuawa. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema kila kitu kimeshafungwa, ni huyo. Hakusema. Alisema Mungu hana jana wala kesho. Maisha yote ya ulimwengu yako mbele yake kwa pamoja, na anayaona kama sisi tunavyomwona mtu akitembea sasa hivi barabarani. Sidai kwamba Boethius amemaliza kila ugumu, kwa kuwa umilele ni jambo ambalo akili yetu hulishika kwa ncha za vidole tu. Nadai jambo dogo kuliko hilo, nalo linatosha: aliyesema ujuzi wa Mungu unafuta hiari hajathibitisha dai lake.

Sasa nafika kwenye dai lililonifanya niandike. "Ajali haina kinga. Siku ikifika imefika. Yote yameandikwa."

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kikitoka Bugolora kwenda Bwisya, kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria. Ilikuwa siku ya gulio. Kilipinduka kikiwa kimebakiza kipande kifupi tu kufika gatini, mbele ya macho ya waliokuwa wakiwasubiri jamaa zao. Kivuko hicho kilijengwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Miaka saba kabla, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu na mizigo kupita kiasi. Kabla yake tena, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imezidisha watu, na mamia wakapotea. Vyombo vitatu, maji mawili tofauti, na kosa lile lile la hesabu. Misibani kukasikika sentensi ile ile: kazi ya Mungu haina makosa.

Mjane akisema hivyo nitanyamaza nimpe mkono. Ni maneno ya kumsaidia kupumua, na ana haki nayo. Ayubu alisema maneno ya jinsi hiyo, naye alikuwa ndiye aliyefiwa. Lakini soma sura yake ya kwanza kwa utulivu: kitabu hakiwasahau Waseba waliopora ng'ombe na punda zake, wala Wakaldayo waliochukua ngamia zake na kuwaua watumishi. Wametajwa kwa jina la kabila lao. Utii wa Ayubu kwa Mungu haukufuta kosa la majambazi. Maneno hayo hayo yakitoka kinywani mwa aliyekata tiketi kupita idadi, au aliyepokea chochote ili afumbe macho gatini, yamegeuka kuwa kashfa dhidi ya Mungu.

Wala si kweli kwamba dini ndizo zilizotufundisha kulala hivyo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba mpya anaamriwa aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu akianguka damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Amri hiyo ni ya ajabu ukiitafakari. Inatoka kwa Mungu yule yule anayejua siku ya kila mtu, na bado inasema: usipoweka ukuta, damu ni yako. Siku ya marehemu haikutajwa hata kidogo. Kilichotajwa ni ukuta.

Katika Uislamu kisa cha Sargh kinatosha. Mwishoni mwa miaka ya 630, Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kuelekea Shamu, akakutana na makamanda wake wakamwambia kuna tauni mbele. Akawashauri Muhajirina, wakatofautiana. Akawashauri Ansari, wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakasema kwa kauli moja: rudi. Alipotangaza kurudi, Abu Ubaida bin Jarrah, ambaye hakuna aliyetilia shaka imani yake, akamuuliza kama wanaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akamwuliza: ungekuwa na ngamia bondeni, upande mmoja una majani na mwingine ni mkavu, si utakapowalisha popote umewalisha kwa kadari ya Mungu? Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume, kwamba mkisikia tauni iko mahali msiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akarudi Madina.

Jibu hilo ndilo linaloivunja dhana ya fungu moja. Umar hakusema kadari inaishia hapa na hiari yangu inaanzia pale. Kurudi kwake kulikuwa ndani ya kadari kama vile kusonga mbele kungekuwa. Kwa hiyo kauli ya "imeandikwa" haiwezi kumsaidia mtu kuchagua, kwa sababu hakuna aliyeisoma Lauhu Mahfudhi, ubao ambamo kadari imeandikwa. Nani amekuambia haikuandikwa kwamba siku ile mkaguzi mmoja angesimama gatini na kusema abiria wa 102 hapandi? Anayesema iliandikwa kivuko kijae amejifanya msomaji wa kitabu ambacho hakuonyeshwa.

Na tukumbuke nani hufaidika na usomaji huo. Enzi za Bani Umayya, mjadala wa kadari haukuwa wa wanazuoni peke yao. Barua inayonasibishwa kwa Hasan wa Basra, aliyefariki mwaka 728, inamjibu Khalifa Abdulmalik bin Marwan aliyetaka kujua msimamo wake juu ya kadari. Nayo inapinga vikali wale wanaomtwika Mungu madhambi yao. Ghaylan wa Dameski, aliyehubiri kwamba mja ana uwezo juu ya matendo yake, aliuawa chini ya Khalifa Hisham. Mtawala dhalimu hupenda sana kusikia kwamba dhuluma yake ni maandiko ya Mbinguni. Sijui fundisho lingine linalowafaa wakubwa kwa bei rahisi namna hiyo.

Hapa muumini mkali atanishtaki kwamba nampunguzia Mungu enzi. Martin Luther alimshtaki hivyo Erasmus: huyu aliandika kitabu cha kutetea hiari mwaka 1524, yule akamjibu mwaka uliofuata kwa kitabu kikali. Ninaielewa hofu ya Luther. Hakutaka mtu ajisifu mbele ya Mungu kwamba amejiokoa. Lakini mwandishi mmoja wa Denmark, Kierkegaard, aliandika katika shajara yake mwaka 1846 jambo ambalo hadi leo sijaona likijibiwa: ni uwezo usio na mpaka peke yake unaoweza kukifanya kiumbe kiwe huru. Mwenye uwezo mdogo akimpa mtu kitu humfunga nacho, kwa kuwa anaogopa kukipoteza. Asiyepungukiwa na chochote ndiye anayeweza kutoa kweli. Hiari ya mja, basi, ni alama ya ukubwa wa aliyeitoa.

Hata Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyeulinda uwezo wa Mungu kuliko karibu kila mtu, hakuthubutu kuufuta wajibu wa mja. Alifundisha kwamba Mungu huumba tendo na mja hulichuma, fundisho ambalo Maibadhi wa Oman na Unguja nao wanalo kwa namna yao. Na alionyesha tofauti ambayo kila mtu anaijua mwilini mwake: mkono unaotetemeka kwa homa, na mkono unaounyanyua mwenyewe. Nahodha wa chombo kilichojaa hakuwa akitetemeka kwa homa.

Dai jingine lilitoka kwa J. L. Mackie, mwanafalsafa wa Australia, mwaka 1955. Kama Mungu aliweza kuumba watu huru ambao wakati mwingine huchagua mema, kwa nini hakuumba watu huru ambao siku zote huchagua mema? Swali zuri. Alvin Plantinga alilijibu mwaka 1974: Mungu anaweza kumwumba mtu huru, ila mtu huyo atachagua nini si jambo ambalo Mungu anaweza kulifanya kwa niaba yake na likabaki uchaguzi wa mtu huyo. Likifanywa kwa niaba yake, ni la Mungu. Angalia vizuri utaona jiwe limerudi na jina jipya. Wengine huuliza kuhusu peponi, ambako tunaambiwa hakuna dhambi na bado watu wako huru. Naona jibu liko kwenye maisha yanayotangulia. Mama aliyewalea watoto wake kwa upendo miaka arobaini hawezi kuwatia sumu. Hiari yake haikupungua, amefika hapo kwa kuitumia.

Siku hizi hiari hukanushwa pia kwa jina la sayansi, kwa jaribio la Benjamin Libet lililochapishwa mwaka 1983. Watu waliambiwa wakunje kifundo cha mkono wakati wowote wapendao huku wakitazama saa, na ubongo ukaonekana kuanza kujiandaa kama nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, mapema kuliko wao walivyohisi kuamua. Libet mwenyewe aliamini mtu bado ana nafasi ya kulizuia tendo. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba maandalizi hayo yanaweza kuwa mawimbi ya kawaida ya ubongo yanayopanda na kushuka. Na hata bila wao, kukunja mkono bila sababu yoyote si sawa na kuamua kuacha kazi au kukataa rushwa.

Limebaki dai gumu kuliko yote: matetemeko, mafuriko, magonjwa. Hapa hakuna aliyechagua, na mwenye kutetea hiari amekwama. Nakubali sehemu yake. Kansa ya mtoto wa miaka minne haielezwi na hiari ya mtu yeyote, na ninawaomba wahubiri waache kuwatafutia wazazi wake dhambi. Lakini si kila tunachokiita maafa ya asili ni cha asili peke yake.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Siku ya Watakatifu Wote, mji wa Lisbon ulitikisika watu wakiwa ibadani. Makanisa yaliporomoka juu ya waumini, mishumaa ikawasha moto uliowaka siku kadhaa, bahari ikapanda juu ya waliokimbilia ufukweni. Voltaire aliandika kwamba msiba huo umewaumbua wanaosema ulimwengu uko sawa ulivyo. Rousseau akamjibu kwa barua mwaka 1756 kwa hoja ambayo ilikuwa ngeni: si maumbile yaliyokusanya hapo nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba, na lau wakazi wangekuwa wametawanyika na majengo kuwa mepesi, hasara ingekuwa ndogo. Mjini kwenyewe, Mjesuiti Gabriel Malagrida alihubiri kwamba tetemeko ni adhabu ya Mungu, na kwamba la haraka ni toba. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquis wa Pombal, aliagiza nyumba mpya zijengwe na fremu za mbao ndani ya kuta ili zihimili mtikisiko. Malagrida aliuawa mwaka 1761, na kuuawa kwake kulikuwa dhuluma ya siasa. Hoja yake bado ilikuwa mbovu, maana iliwaacha watu bila ukuta wa dari.

Mwaka 2010 ulilirudia somo kwa tarakimu. Tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari lilikuwa na ukubwa wa 7.0, na liliua zaidi ya watu laki moja. Lile la Chile, tarehe 27 Februari, lilikuwa na ukubwa wa 8.8 na lilitoa nishati mara mamia ya lile la Haiti. Waliokufa walikuwa mamia. Chile ilikuwa na sheria za ujenzi zinazofuatwa. Ardhi ilitikisika kote kuwili, na tofauti iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa mikononi mwa watu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mashehe, mapadri na wachungaji wetu, ambao ndio husimama mbele ya majeneza kabla ya mtu mwingine yeyote. Chombo kingine kikizama, ombeni, lieni na waliofiwa, mwacheni Mungu awe Mungu. Kisha ulizeni, kwa sauti ile ile mliyoombea dua, cheti kiliruhusu abiria wangapi, walipanda wangapi, na nani aliwahesabu.